Msipige Bati Hadi Nirudi

Harufu ilinifikia kabla ya sauti zao. Nilikuwa nimeinama ndani ya mtumbwi, nachota kwa kopo maji ya mvua ya jana, nikasikia harufu ya nazi iliyochanganyika na kitu kama dawa ya duka. Nikainua kichwa. Mdogo wangu Rehema alikuwa amesimama ukingoni mwa mto, amemshika mwanawe mdogo kidevu, anampaka usoni mafuta meupe ya kuzuia jua. Yule mkubwa alikuwa ameshapakwa, uso umekuwa kama wa mtu aliyeangukia unga.

"Dada, jua la huku kali mno," Rehema alisema.

"Ndilo hilo hilo lililokulea," nikamjibu, tukacheka.

Walikuwa wamekuja kwa likizo ya shule. Rehema anafanya kazi Mombasa, na wanawe walikuwa wamechoka na bahari. Walitaka mto, msitu na wanyama. Kwa hiyo mimi, dada yake wa tumbo moja, nikawa mwenyeji wa kumtembeza katika kijiji alichozaliwa. Niliwasaidia kupanda, nikawaonya wasitumbukize mikono majini kwa sababu ya mamba, nikashika upondo wa kusukumia mtumbwi. Lakini harufu ile ya mafuta ilikuwa imeshanirudisha mbali, kwenye msimu mmoja nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, ndugu yetu Jilo ana tisa, na Rehema ana mitano.

Baba alitangulia kufa, Rehema akiwa bado tumboni. Mama alikufa kwa homa wakati wa mafuriko. Barabara ya Garsen ilikuwa imekatika, na mtumbwi uliokuwa ukimpeleka hospitali uligeuzwa njiani, kwa sababu hakukuwa tena na haja ya kufika. Matanga yalipoanuliwa, watu wazima walikaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yetu kuamua habari zetu. Baba Mdogo alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Bura, ambako alilima shamba la mfereji kwenye skimu ya umwagiliaji. Mama Mdogo, aliyeolewa Kipini, alikuwa amekuja na kapu la samaki wakavu na maneno ya pwani ambayo sisi tulizoea kuyachekea.

"Watoto watatu hawawezi kukaa peke yao," Baba Mdogo alisema. "Jilo nitamchukua mimi. Kule kuna shule karibu, na kazi haikosi."

"Na huyu kitinda mimba nitamtwaa mie," Mama Mdogo akasema, akamnyooshea Rehema mikono. "Ndoo, mwanangu. Ndoo kwa mamako."

Rehema aliingia nyuma ya sketi yangu akanishika mguu kwa mikono yote miwili. Nadhani ni mshiko ule uliozungumza, wala si mimi. Nilijisikia nikisema kwamba mbegu za mama bado zinaning'inia juu ya meko, kwamba maji yakitoka nitapanda shamba lake, na kwamba tutakula tulichopanda, wote watatu, hapa hapa.

Baba Mdogo hakuwa mtu mbaya. "Kupanda utapanda. Nani atalinda?"

"Sisi."

"Shamba lile limepakana na msitu. Hata mama yako lilimshinda miaka mingine."

"Tutalinda," nikasema.

"Haya. Mkivuna, kaeni. Mimi sitatia neno. Msipovuna nitakuja na pikipiki, na sitaki kusikia kilio."

Nikaacha shule, darasa la sita. Sikuona kama ni kuacha. Niliona kama ni kutoka kidogo, kama mtu anayetoka darasani kwenda kunywa maji. Maji ya mafuriko yalipoondoka yalituachia tope jeusi, laini, linalonuka samaki, nasi tukapanda humo kwa vijiti vya kuchimbia. Mahindi yaliota kwa haraka iliyotutia kiburi. Jilo alikuwa akijipima nayo kila siku akitoka shule. Yalipompita kichwa alinuna siku nzima.

Kwetu kulinda ni kazi yenye sheria zake. Kima huja mara mbili: jua linapochomoza na jua linapoelekea kushuka. Mlinzi hukaa juu ya ulingo, yaani jukwaa la miti katikati ya shamba, akiwa na kombeo la mawe na kipande cha bati. Bati hupigwa hata kama hujaona kima hata mmoja, kwa sababu yeye anasikiliza kutoka msituni. Ukilipiga bati lako, jirani hujibu kwa lake, na wa mbele yake naye hujibu, mpaka ukingo mzima unalia. Siku moja tu bati hunyamaza, siku ya msiba. Hapo majirani hugawana zamu na kulinda kwa mawe peke yake, bila kelele, kumheshimu aliyefiwa. Mama alipokufa ukingo wetu ulinyamaza hivyo. Ninaukumbuka ukimya ule kuliko vilio. Ulikuwa kama mkono wa mtu juu ya kichwa changu.

Mahindi yalipoanza kutoa nywele, shule zikiwa zimefungwa, wageni walikuja. Walifunga mahema yao chini kidogo ya kijiji, penye mchanga, na kila alfajiri walipanda mitumbwi kwenda kutazama ndege na viboko, kisha kuingia msituni. Aliyewaongoza alikuwa Komora, kijana wa kijijini kwetu aliyejua Kiingereza na aliyependa kujisikia akikiongea. Siku moja alikuja kusimama chini ya ulingo wetu.

"Nataka njia," alisema. "Kima wanateremkia hapa kwenu. Nipitishie wageni wangu pembezoni mwa shamba, na wewe uwe mbele, unajua miti wanayolalia. Nitakuletea unga na sukari."

"Wageni wanataka kuona kima?" Jilo aliuliza.

"Wamepanda ndege kuja kuwaona. Na mbega wekundu wale wa juu. Duniani kote hawapo ila huku kwetu tu."

"Basi wawachukue!" Jilo alisema. "Wote! Mimi nitawatilia kwenye gunia, bure."

Komora alicheka mpaka akashika nguzo ya ulingo. Nikakubali, kwa ajili ya unga.

Wageni walikuwa sita. Sijui nilitegemea nini, lakini sikutegemea nilichokiona. Wote walikuwa wamevaa rangi moja, rangi ya majani makavu. Waliongea kwa kunong'ona. Walipofika chini ya miti walikaa chini, kwenye ardhi yenyewe, watu wazima, wakainua nyuso zao juu na kukaa hivyo muda mrefu bila kusema. Mwanamke mmoja mzee, mwenye nywele nyeupe kama pamba na mikono yenye madoa, alivua kofia akaipakata. Ndiye aliyenuka mafuta yale ya nazi. Alikuwa na kidaftari, na kila baada ya muda aliandika neno moja, akafuta jicho, akatazama tena juu.

Mimi nilikuwa nimewahi kuona watu wakikaa hivyo. Nilikuwa nimewaona karibuni tu, kwenye mkeka mbele ya nyumba yetu.

"Amefiwa na nani?" nilimnong'oneza Komora.

"Nani?"

"Yule bibi."

Komora alimtazama, akainua mabega. "Mwaka jana alikuwa na mumewe kisiwani huko mbali. Mwaka huu yuko peke yake. Mimi siulizi."

Ilinitosha. Sikujua kwamba kuna watu ambao kukaa msituni na kutazama juu ndiyo raha yao. Likizo, kwangu mimi, ilikuwa ni siku za kupalilia bila kwenda shule. Kwa hiyo kichwa changu cha miaka kumi na mitatu kilipanga mambo kwa namna kilivyoweza: watu hawa wamepotelewa, wanazunguka dunia kutafuta, na wamefika mpaka huku kwetu. Niliwahurumia sana. Na nikaona haya, kwa sababu wakati wamekaa hivyo, kutoka upande wa shambani lilikuja bati la Jilo, pa! pa! pa!, na wote wakashtuka, na kima mmoja aliyekuwa akishuka akapanda tena juu. Yule bibi alifumba macho kama mtu aliyepigwa.

Siku hiyo niliporudi niliwaambia wadogo zangu, "Wageni wakiwa msituni, msipige bati hadi nirudi. Wako kwenye msiba."

Jilo alikunja uso. "Na kima wakija?"

"Tumia kombeo. Jirani naye nitamwambia."

Nilikwenda kumwambia jirani, na kwa sababu neno msiba lilikuwa limetajwa hakuuliza zaidi.

Rehema ndiye aliyekuwa mgumu. Alipenda kulipiga bati kuliko kula. Lakini bibi yule alikuwa amempa zawadi, kijitabu chembamba cha picha, karatasi yake inateleza, nacho kilinuka mafuta yake. Komora alitufafanulia kwamba ni kisiwa cha bahari nyingine, upande wa Karibi, mahali watu wanapokwenda kupumzika. Tulikipitia ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na watu waliovaa vioo usoni wakiogelea na samaki wa manjano. Kulikuwa na farasi wanaotembea baharini na watu migongoni. Kulikuwa na mwanamume aliyening'inia kwenye kamba juu ya msitu, miguu inarushwa hewani, mdomo wazi.

"Huyu anapumzika?" Jilo aliuliza.

"Ndiyo," Komora akasema.

"Mbona analia?"

"Anacheka, bwana!"

"Mimi nikipumzika hivyo, mniitie mchungaji aniombee."

Rehema hakutaka hao. Alitaka ukurasa mmoja tu, wenye maporomoko ya maji. Maji meupe yalianguka kutoka kwenye jabali lenye majani, yakaingia kwenye kidimbwi cha bluu, na ndani yake kulikuwa na watoto watatu wakioga. Alikuwa akilamba kidole na kukigusisha kwenye picha ile, halafu akikitazama kama kimelowa zaidi. Aliniuliza ni wapi. Nami, nikitaka akae kimya juu ya ulingo, nikamwambia ni juu ya mto wetu, mbele zaidi ya kona.

"Ukinyamaza, nitakupeleka," nilisema.

Tangu hapo kila wageni walipoingia msituni aliziba mdomo wake kwa viganja viwili, akabaki macho tu.

Zilipita siku kama saba, au tisa. Kila siku kima walishuka chini zaidi. Kila siku wageni walifurahi zaidi, na Komora alileta unga kama alivyosema. Mahindi yalikuwa yamejaa. Ukibonyeza punje kwa ukucha, maziwa yanatoka. Wiki mbili tu zilibaki. Nilikuwa nikipita katikati ya mistari na kuyagusa kama mtu anayehesabu vichwa vya wanawe.

Asubuhi ile tuliingia msituni mapema, tukakaa chini ya miti ya kila siku, na juu hakukuwa na kitu. Hata mti mmoja haukutikisika. Bibi yule alinitazama. Tukasubiri mpaka jua likatuchoma visogo. Kisha nikasikia, kutoka nyuma yetu, sauti ninayoijua: mashina ya mahindi yanayovunjika, moja baada ya jingine, kama mtu anayevunja vidole.

Nikatangulia mbio. Wageni wakanifuata. Tukatokea pembezoni mwa shamba, na kundi zima lilikuwa mle ndani. Sijawahi kuona kima wengi hivyo mahali pamoja. Walikuwa wamekaa chini, mama na watoto, wanamenya mahindi kwa utulivu, wanauma mara mbili na kutupa, wanachukua jingine. Mmoja alikuwa ameegemea nguzo ya ulingo. Na juu ya ulingo walikuwa wadogo zangu. Jilo alikuwa ameshika bati kwa mkono mmoja na kijiti kwa mkono mwingine, ananitazama mimi. Kombeo lilikuwa chini, kamba yake imekatika. Rehema alikuwa ameziba mdomo.

Nilifungua kinywa kupiga kelele. Mkono wa Komora ukanishika bega.

"Subiri kidogo," alininong'oneza. "Wanapiga picha."

Nikageuka. Bibi yule alikuwa amepiga magoti kwenye tope letu. Kima jike mwenye mtoto kifuani alikuwa hatua chache mbele yake, anamtazama, na bibi alikuwa akilia huku akitabasamu, machozi yanapita juu ya yale mafuta meupe. Nikajua amempata aliyekuwa akimtafuta. Sikujua ni kwa namna gani, lakini niliamini hivyo kabisa. Na mimi nilikuwa ni mtoto niliyefundishwa kwamba aliyefiwa hapigiwi kelele.

Nikafunga kinywa.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka tulisimama muda gani. Nakumbuka tu mlio wa kamera, na mashina yakivunjika, na macho ya Jilo. Alikuwa akingoja. Kama ningeinua mkono tu, angelipiga bati lile mpaka lipasuke. Mkono haukuinuka.

Kima waliposhiba waliondoka wenyewe. Wageni walinishika mkono mmoja mmoja, wakanishukuru, nadhani. Bibi alinikumbatia, na kwa siku mbili nilinuka nazi. Walipokwisha kwenda Jilo alishuka, akaokota hindi lililoumwa, akalitazama.

"Ulisema tusipige," aliniambia.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa heri angesema kwa hasira.

Baba Mdogo alikuja mwezi huo huo. Alizunguka shamba akiwa ameweka mikono nyuma, aliporudi hakunisimanga hata kidogo, akamwambia Jilo achukue nguo zake. Jilo alikaa juu ya pikipiki katikati, kati ya mgongo wa Baba Mdogo na kiroba cha nguo, na pikipiki ilipotoka alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka miguu. Siku mbili baadaye Mama Mdogo akaja. "Ndoo, mwanangu," alisema, na safari hii Rehema alikwenda, kwa sababu niliutoa mguu wangu. Nilimpa kijitabu akikumbatie. Alifungua ukurasa wake ndani ya mtumbwi wa watu, na mpaka kona ilipowameza alikuwa ameinamia picha ile. Hakuinua kichwa. Labda alidhani anapelekwa kule.

Mimi nilibaki, kwa sababu lazima mtu abaki kwenye kiwanja. Nililala kwa jirani, nikalima, nikalinda. Bati nililipiga mwenyewe kwa miaka mingi, asubuhi na jioni, hata siku za misiba, na watu walinisema. Jilo sasa ni mtu mzima Bura, ana shamba lake la mfereji. Akinipigia simu anaongea kwa sauti kubwa kiasi kwamba naiweka mbali na sikio. Nyumba ya mama ilichukuliwa na mafuriko mengine. Rehema aliwahi kuniambia, akiwa msichana, kwamba sura ya mama haikumbuki, wala yangu ya wakati ule, wala nyumba. Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja vitu asivyovihitaji sokoni.

Ndiyo maana sikuwa nimejiandaa.

Tulikuwa tumeshawaona viboko, na mbega wekundu wawili juu ya mkuyu, na watoto walikuwa wameshachoka kuonyeshwa ndege. Rehema aligeuka, uso wake unang'aa mafuta.

"Dada, na yale maporomoko?"

"Maporomoko gani?"

"Yale ya maji! Tulikokuwa tukioga sisi watatu, mimi na wewe na Jilo. Maji yateremka kutoka juu, meupe, penye majani majani. Nimewasimulia hawa tangu wako wadogo."

"Mama alisema kidimbwi chake ni bluu kabisa," mtoto mkubwa akasema. "Tumekuja na nguo za kuogelea."

Upondo ulinasa kwenye tope, nikashukuru, kwa sababu nilipata cha kufanya. Nchi yetu ni tambarare. Kutoka Garsen mpaka Kipini, mto huu haudondoki popote hata urefu wa ulingo.

"Unakikumbuka kijitabu?" nilimuuliza. "Cha picha. Ulikwenda nacho Kipini."

"Kijitabu gani?" Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Sikumbuki kitabu. Nakumbuka maporomoko. Ndicho kitu pekee ninachokikumbuka cha kwetu."

Nilimtazama. Alikuwa amekaa mbele ya mtumbwi na wanawe kila upande, watatu. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nilikuwa nayo yote, na yalikuwa ya kweli. Nilingoja kinywa kifunguke.

"Yako juu kidogo," nikasema. "Mbele zaidi ya kona."

Nikausukuma mtumbwi. Jua lilikuwa limepanda na mikono inaniuma. Tukaipita kona, tukakuta kona nyingine.

"Mama Mkubwa, bado mbali?" mtoto mdogo aliuliza.

"Bado kidogo. Mkinyamaza mtayasikia."

Wakanyamaza. Yule mdogo aliziba mdomo wake kwa viganja viwili, mkubwa akamwiga, na mama yao, akiwachekea, naye akafanya vivyo hivyo. Wakaketi hivyo wote watatu, macho tu, wakisikiliza, nami nikazidi kuusukuma mtumbwi.